Depo inasikia moshi, nyumba ya mfanyakazi haisikii

Ukiingia leo katika depo ya kampuni kubwa ya madini, upande wa Kolwezi ao Likasi, inua macho utazame dari. Utaona vidude vyeupe, vya mviringo kama kifuniko cha bakuli, vimepangwa kila baada ya hatua chache. Hivyo ni vinusa-moshi. Moshi ukipanda saa nane ya usiku, wakati zamu amesinzia kwenye kiti chake, kile kidude kinasikia mbele ya pua ya mtu yeyote. Kinapiga kengele na kutuma habari kwa chumba cha ulinzi. Katika majengo mengine kuna mabomba darini ambayo joto likizidi yanafunguka yenyewe na kumwaga maji juu ya moto. Umeme ukipata kasoro unajikata. Mlango unajua nani aingie, nani abaki inje. Mafundi wanaita hayo yote otomatiki: jengo linajilinda hata kama ndani hakuna mtu.

Sasa toka hapo, umfuate mfanyakazi wa depo hiyo mpaka fasi analala. Ni chumba cha kupanga, waya mmoja umetoka kwa jirani, umepita juu ya ukuta, umefungwa na kipande cha mfuko wa plastiki. Kisha fuata feza anayotuma kila mwisho wa mwezi mpaka hapa kwetu Kamina, kwa bibi na watoto, Dimayi ao Sobongo. Hapo utakuta paneli ya jua juu ya mabati, betri chini ya kitanda, jenereta ndogo barazani, mbabula mlangoni. Hakuna kitu hata kimoja kinachojua kulia moshi ukipanda.

Mimi nasema hivi, na ninajua wamoja watacheka. Sendika zikikaa kwa meza na wakubwa wa kampuni kuzungumzia mapatano ya pamoja, ulinzi huu wa otomatiki wa nyumba ya mfanyakazi uandikwe mle, pamoja na mshahara, matunzo ya hospitali na masomo ya watoto. Nilisema hivyo katika mkutano mmoja, mtu akanijibu mbele ya wote: «Siye tunaomba unga, weye unatuletea habari ya vidude!» Watu walipiga makofi. Alisema vizuri. Lakini unga huo unawekwa ndani ya nyumba. Nyumba ikiungua, unaungua na unga, na kitanda, na makaratasi ya shule, na pengine mtoto. Mfanyakazi wa miaka kumi anarudi kuwa mtu wa siku ya kwanza.

Watu wa Kamina hawahitaji profesa wa kuwaelezea ulinzi wa otomatiki ni nini. Mji wetu ni mji wa reli. Hapa njia ya kutoka Lubumbashi inagawanyika, moja inaenda Kananga na Ilebo, ingine Kabalo na Kalemie. Muulize mzee yeyote aliyefanya kazi ya reli namna breki ya treni inavyofanya. Atakuambia kitu ambacho wengi wanakisikia kinyume: hewa ndani ya bomba haifungi breki, inazizuia zisifunge. Mmarekani George Westinghouse alifikiri hivyo miaka ya 1870. Bomba la hewa linapita toka mashine mpaka behewa la mwisho. Behewa likikatika, bomba linapasuka, hewa inatoka, na breki za kila behewa zinajifunga zenyewe. Mashinisti anaweza kuwa hajajua bado. Hakuna mtu aliyeamua. Kasoro yenyewe njo inafunga breki.

Shikeni hilo, sababu njo kiini cha maneno yangu yote. Kifaa kizuri cha ulinzi ni kile ambacho kikiharibika, ao umeme ukikatika, kinaangukia upande wa usalama. Kifaa kibaya ni kile kinachongoja mtu aamke, aone, aelewe, akimbie, abonyeze. Mtu anachoka. Mtu analala. Watu wawili wanaweza kuelewana vibaya.

Tarehe 8 mwezi wa 8 mwaka 1956, kule Ubelgiji, katika mgodi wa makaa ya mawe wa Bois du Cazier, fasi inaitwa Marcinelle, watu wawili ao watatu hawakuelewana juu ya ishara. Kasha la kupandisha watu na mizigo lilianza kupanda wakati wagoneti ilikuwa haijaingia yote, imetokeza inje. Ikagonga chuma, ikakata bomba la mafuta, waya za umeme na bomba la hewa. Mafuta, cheche, na hewa ya kupulizia. Walikufa watu 262, wa mataifa 12, na zaidi ya nusu yao walikuwa Waitalia waliokuja kutafuta mkate, kama vijana wetu wanavyopanda treni kutafuta kazi Kolwezi. Kama lile kasha lingekuwa na kizuizi cha kulikataza kupanda mpaka wagoneti iingie yote, lisingepanda, hata mtu angepiga ishara mara kumi. Wazazi wetu walikuwa wakichimba chini ya Wabelgiji haohao mwaka ule. Wengi hawakuambiwa habari hiyo.

Turudi nyumbani. Adui wa kwanza wa nyumba zetu ni umeme, na hapa kuna vifaa viwili ambavyo watu wanavichanganya. Cha kwanza ni kile tunachokiita dijonkteri. Kazi yake ni kulinda waya. Ukiweka pasi, hita na friji juu ya waya mwembamba, waya unapata joto, plastiki yake inayeyuka, moto unaanza ndani ya ukuta ao juu ya dari, na wewe huoni. Dijonkteri inasikia kwamba umeme unaopita umezidi, inakata. Zamani kazi hiyo ilifanywa na uzi mwembamba unaoungua wenyewe. Na siye tumefanya nini? Uzi ukiungua, tunafunga fasi yake waya mnene wa shaba, ao msumari. «Sasa hautaungua tena.» Ni kweli, hautaungua tena. Itaungua nyumba. Nimeona fundi analipwa feza kwa kufanya hivyo, na mwenye nyumba anamshukuru.

Kifaa cha pili kinalinda mwili wa mtu, na hiki wengi hawajakiona hata kwa macho. Mafundi wanakiita diferansieli. Umeme unaingia nyumbani kwa waya mmoja na unarudi kwa waya wa pili. Kile kifaa kinahesabu: kilichotoka ni sawa na kilichorudi? Mtoto akishika waya uliovuliwa, sehemu ya umeme inapita mwilini mwake na kuingia chini ya ardhi. Hesabu inakosa kulingana. Tofauti ikifika miliamperi 30 tu, kitu kidogo sana, kifaa kinakata kabla hujafumba jicho. Dijonkteri peke yake haitamwokoa yule mtoto. Ile inangoja umeme uzidi kipimo cha waya, na umeme wa kuua mtu ni mdogo sana kuliko umeme wa kuunguza waya. Kwa hiyo mtu akikuambia «nyumba yangu iko na dijonkteri, niko salama», mwambie waya zake njo ziko salama.

Wote tunakumbuka Matadi-Kibala, pembeni ya Kinshasa. Tarehe 2 mwezi wa 2 mwaka 2022 kebo ya umeme mkubwa ilikatika, ikaanguka kwenye soko, na chini kulikuwa na maji ya mvua. Walikufa watu 26, wengi wao bamama waliokuwa wanauza na kununua chakula cha siku. Kifaa cha nyumbani kisingezuia ajali kama ile, hiyo ni kazi ya vifaa vya kituo cha umeme na ya ukaguzi wa njia zenyewe. Ninaitaja juu ya kitu kingine. Kuanzia kebo kubwa mpaka waya wa chumbani swali ni moja: umeme ukitoka njiani mwake, ni nani anaukata? Na kwa muda gani? Kama jibu ni «tutapigia simu mtu aje», basi hakuna jibu.

Kuna pia lile jambo la umeme kukatwa na kurudi. Unakatwa saa tano ya asubuhi mama akipiga pasi. Anaacha pasi juu ya nguo, anaenda sokoni. Saa kumi umeme unarudi, na hakuna mtu nyumbani. Ao unarudi na nguvu nyingi kupita volti 220 zake, friji na televisheni vinakufa, na kama bahati ni mbaya vinawaka. Kipo kidude kidogo cha kuweka kati ya ukuta na friji. Umeme ukirudi, kinangoja dakika chache mpaka utulie, kisha njo kinaruhusu. Nguvu ikizidi ao ikipungua sana, kinakata tena. Hiki kinauzwa hata katika soko zetu. Wauza-simu wanakijua vizuri kuliko wakubwa wa kampuni zetu.

Kwa wenye paneli na betri, neno moja tu: betri ya litiamu isiyo na kadi yake ya ulinzi ndani, ile inayozuia isijae kupita kiasi, msiilaze chini ya kitanda. Kweli, msiilaze chini ya kitanda hata ile iliyo na kadi.

Adui wa pili hana rangi na hana harufu. Wachimbaji wanamjua kuliko watu wote, na ndiyo maana inaniuma kuona anaua nyumbani kwao. Makaa yakiwaka bila hewa ya kutosha yanatoa gesi ya monoksidi ya kaboni. Ukiivuta, inaingia katika damu na kukaa fasi ya hewa nzuri, na damu yako inaipenda kuliko inavyopenda hewa nzuri. Kichwa kinauma kidogo, usingizi unakuja, unafikiri ni uchovu wa kazi. Asubuhi majirani wanavunja mlango. Katika mwezi wa sita na wa saba, baridi ya Katanga ikishuka usiku, watu wanaingiza mbabula chumbani na kufunga dirisha. Kisha tunasikia ni ulozi, tunasikia ni sumu ya jirani, na watu wanagombana hadi makaburini. Jenereta inayonguruma barazani, chini ya dirisha la watoto, inatoa gesi ileile.

Zamani katika migodi ya makaa ya mawe walikuwa wanashuka na ndege mdogo ndani ya kitundu. Gesi ikiwepo, ndege anaanguka mbele ya mtu, na watu wanajua kukimbia. Uingereza waliacha kutumia ndege hao mwaka 1986 tu, kwa sababu mashine ndogo za kupima gesi zilikuwa zimefika. Wazee wa Luena, waliochimba makaa ya mawe hapa kwetu Haut-Lomami, hawahitaji nifafanue. Leo katika mgodi wa chini wa kampuni kubwa mkubwa wa timu anavaa kipima-gesi kifuani, kinalia na kutikisika. Kifaa cha namna hiyo kwa ajili ya nyumba kipo, ni kidogo kama sabuni ya kufulia, kinatumia majiwe ya radio. Lakini angalieni wakati wa kununua: kinusa-moshi hakisikii gesi hii, na kinusa-gesi hakisikii moshi. Ni vitu viwili. Kuna wauzaji wanaosema ni kimoja. Hata ukiwa nacho, mbabula inalala inje.

Na hapa niseme neno ambalo mara nyingi linasahaulika. Hivi vidude vyote, vya depo na vya nyumbani, vimeungwa kwa bati, waya zake ni shaba, na ndani ya kadi ndogo za vingine kuna vipande vinavyotengenezwa na koltani. Bati na koltani vinatoka pia katika udongo wa Malemba-Nkulu, katika jimbo letu hili. Mtoto wa mchimbaji wa Malemba analala katika nyumba isiyo na kifaa kilichotengenezwa na kile baba yake alichochimba. Sitaki kuimba wimbo huo kwa muda mrefu, kila mtu anaujua.

Sasa niingie katika upande wa pili wa jambo hili, sababu sitaki mtu afikiri mimi ninapiga magoti mbele ya mashine. Otomatiki inaweza kulinda mali na kuua watu. Inategemea nani aliipanga, na alikuwa anaogopa nini.

Jengo linalopangwa na mtu anayeogopa wizi tu linafunga. Jengo linalopangwa na mtu anayeogopa moto linafungua. Tarehe 11 mwezi wa 9 mwaka 2012, kule Karachi, Pakistani, katika kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises, walikufa watu zaidi ya 250. Milango ilikuwa imefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Hazikupita siku themanini, tarehe 24 mwezi wa 11, moto ukashika kiwanda cha Tazreen karibu na Dhaka, Bangladesh, ukaua zaidi ya 110. Pale Tazreen kengele ililia. Waliopona walieleza kwamba wakubwa waliwaambia warudi kwenye cherehani, eti ni majaribio tu. Mashine ilifanya kazi yake. Mtu mwenye mamlaka akaifunga mdomo.

Nawaza hilo kila mara ninapoona mlango wa kadi kwenye lango la kazi. Mlango ule unashikwa na sumaku, na sumaku inashikwa na umeme. Umeme ukikatika, sumaku inaachia na mlango unafunguka, kama breki ya treni kwa upande wake. Lakini ipo namna ingine ya kufuli, ambayo umeme ukikatika inabaki imefunga. Mwenye mali anapenda ile ya pili, sababu anaogopa mwizi atakata umeme. Kila delege ajue mlango wa fasi anayofanyia kazi ni wa namna gani. Siyo siri ya kampuni. Uliza, na omba waukatie umeme mbele yako, siku ya kazi, uone. Ninajua kampuni moja ambayo tulipouliza swali hilo walitujibu kwamba habari ya milango ni ya idara ya ulinzi, haihusu wafanyakazi. Wanaopita humo kila siku ni nani basi?

Na haki ya kutii kengele iandikwe. Mkataba namba 176 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1995, juu ya usalama katika migodi, unasema mchimbaji ana haki ya kuondoka fasi yenye hatari kubwa akiwa na sababu za kuaminika. Kengele inayolia ni sababu ya kutosha. Mtu asikatwe siku yake ya mshahara kwa sababu alitoka kengele ikilia na baadaye ikaonekana ni vumbi tu. Akikatwa mara moja, mara ya pili hatatoka.

Bazamu nao wana woga wao, na siyo wa bure. Mmoja aliniambia: «Papa delege, mukileta hii mashine, miye nitakula wapi?» Kinusa-moshi hakibebi ndoo. Hakifungui geti, hakiamshi mama mwenye watoto watano, hakimbebi mzee mgonjwa. Kazi yake ni kumwamsha zamu mapema, moto ungali mdogo wa kuzimwa na mchanga. Lakini kampuni inaweza kukitumia kama sababu ya kupunguza watu, hilo liko. Kwa hiyo mapatano yaseme wazi kwamba vifaa hivi havitaondoa zamu hata mmoja, na kwamba mafundi wa kuviweka na kuvitunza watatoka kwa vijana wa shule zetu za ufundi. Hapa Kamina vijana wanamaliza masomo ya umeme na kuishia kuchaji simu za watu.

Mnaweza kuuliza: sendika inaweza kweli kumlazimisha patroni juu ya vidude vya moto? Bangladesh walifanya. Kisha jengo la Rana Plaza lilianguka tarehe 24 mwezi wa 4 mwaka 2013 na kuua watu zaidi ya 1,100, sendika za kimataifa, kati yao IndustriALL, ambayo ni nyumba pia ya sendika za wachimbaji, zilitia sahihi mapatano na makampuni makubwa ya nguo mwezi uliofuata. Hayakuwa maneno ya heshima tu, yalikuwa na nguvu ya sheria. Viwanda zaidi ya elfu moja vilikaguliwa. Milango ya kufuli iliondolewa, kengele za otomatiki ziliwekwa, nyaya zilifungwa upya. Damu nyingi ilimwagika mbele ya karatasi hiyo, na sisi hatuna lazima ya kungoja yetu.

Hapa kwetu hatuanzi na mikono mitupu. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inasema mwajiri akimhamisha mfanyakazi ao akimwajiri mbali na fasi ya kazi, ampatie nyumba ya heshima, yeye na familia yake, ao malipo ya nyumba. «Ya heshima.» Nani anasema heshima ni nini? Mpaka leo tumewaachia wakubwa waseme: kuta nne, mabati, mlango. Mimi nasema nyumba ya heshima mwaka huu ni ile ambayo umeme wake unajikata na moshi wake unalia. Kama kampuni inalipa feza fasi ya nyumba, feza hiyo ihesabiwe pamoja na vifaa hivyo, na visikatwe kwa mshahara. Sheria ileile inaweka komite ya usalama, usafi na urembo wa fasi ya kazi. Komite nyingi ninazozijua zinafanya vizuri sana upande wa urembo: maua mbele ya ofisi yanamwagiliwa maji kila asubuhi. Ziingie sasa kambini, na fasi wafanyakazi wanapanga, zitazame nyaya.

Wengine watasema nyumba ya mfanyakazi haihusu uzalishaji. Union Minière, ambayo haikujulikana kwa huruma, ilianza miaka ya 1920 kujenga kambi ili mfanyakazi akae na bibi na watoto, kwa hesabu tu: mtu aliyetulia nyumbani anazalisha, mtu anayekuja na kukimbia anapoteza feza ya kampuni. Babu zetu wengi waliochukuliwa upande huu wa Lomami walikuwa ndani ya hesabu hiyo. Kampuni za leo zina hesabu nzuri zaidi na kompyuta, lakini katika hesabu zao mwanamume anaonekana peke yake, kama amezaliwa langoni pa mgodi akiwa na kofia kichwani.

Nimalizie na mambo ya mikono. Kuweka kifaa ni nusu ya kazi. Niliwahi kutembelea kambi moja ambayo kampuni ilikuwa imeweka kweli kinusa-moshi katika kila nyumba. Niliinua macho: kimoja kimefunikwa na soksi, kingine kimefungwa plastiki, na karibu vyote vilikuwa vitupu ndani. Mama mmoja akanieleza bila haya: «Papa delege, kile kintu kinalia kila mara tunapika bukari. Njo maana tulitosha majiwe, tukaweka mu radio.» Hakukosea mama. Aliyekosea ni fundi aliyekitundika hatua mbili toka kwa jiko. Kiwekwe chumbani ao kwenye kolido karibu na vyumba vya kulala, mbali na jiko, na kinunuliwe kile chenye betri iliyofungwa ndani inayokaa miaka kumi, isiyoweza kutoka kwenda kuimba katika radio.

Diferansieli nayo inazeeka. Vumbi na unyevu vinaikamata, inabaki pale ukutani inaonekana nzima, na ndani imekufa. Ndiyo maana juu yake kuna kitufe kidogo chenye herufi T. Mara moja kwa mwezi, umeme ukiwepo, kibonyeze. Umeme wa nyumba ukikatika, ni nzima, irudishe juu uendelee na kazi zako. Usipokatika, usitumie maji na umeme pamoja mpaka fundi aibadilishe. Na kama umetafuta nyumba nzima hukuona kitufe chenye T, peleka habari hiyo kwa delege wako mbele ya mkutano ujao, na namba ya nyumba, iandikwe.